Boksi la kengele la boti kutoka Kariakoo, baada ya miezi 18 ya chumvi

Boti yangu haikuzama safarini. Ilizama Msasani, Dar es Salaam, mita kama 60 kutoka ufukweni, imetulia kwenye nanga yake, hakuna mtu ndani, usiku wa mvua za masika, Aprili 2023. Alfajiri babu anayelinda vyombo pale pwani akanipigia simu.

"Mama, boti yako imekaa."

"Imekaa wapi, babu?"

Akanyamaza kidogo. "Chini," akasema.

Nilipofika, kilichokuwa juu ya maji ni ncha ya omo, mbele ya boti, na kipande cha kamba. Mashine, Yamaha kuukuu ya nguvu za farasi 40, ya kuwashwa kwa kuvuta kamba, ilikuwa imekunywa maji ya chumvi tangu saa ngapi hakuna ajuaye. Kuitoa, kuisafisha kwa maji baridi, kufungua silinda, kununua vilivyoliwa: shilingi 1,150,000, risiti ninazo. Hapo sijahesabu wiki tatu ambazo wavuvi wangu watano walikaa wanacheza bao chini ya mkungu. Nimekuwa mhasibu wa shule miaka 27, kila kitu nakiandika kwenye kaunta buku, na kurasa za mwezi ule hata leo nazifungua kwa jicho moja.

Kwa hiyo haya ni maoni ya tajiri wa boti, yaani mwenye chombo, si ya fundi umeme wala ya baharia. Baharia alikuwa marehemu mume wangu. Mimi nilirithi boti ya faiba ya mita 7, deni la nyavu, na nahodha. Nahodha huyo, ambaye mpaka leo ananiita shemeji, ndiye aliyenielekeza kwa kijana mmoja huko Kariakoo, jirani na Mtaa wa Uhuru, anayetengeneza kwa mkono wake maboksi ya kengele za boti, yale yanayopiga honi maji yakijaa ndani. "Shemeji," aliniambia, "ya dukani utauza boti ndiyo uinunue. Huyu atakufungia kitu kwa hela ya wavu mmoja wa jarife."

Duka lenyewe si duka. Ni meza mbili kwenye ukumbi wa ngazi, ghorofa ya pili, moja ya kutengeneza rimoti na redio, nyingine yake. Kijana wa miaka kama 25, shikamoo yake ya haraka lakini ya adabu. Nilidhani atanionyesha boksi na kutaja bei. Akaanza kunihoji kama daktari. Boti ni ya mbao au faiba? Inalala majini au mnaivuta juu? Mashine inachaji betri? Nani analala karibu nayo usiku? Hilo swali la mwisho sikulielewa, nikaona ananichimba tu.

Kisha akauliza kama nataka boksi linitumie ujumbe kwenye simu. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza. Niseme ukweli: usalama haukuwa sababu pekee. Petroli ilikuwa inaisha kwa kasi ambayo kaunta buku langu halikubaliani nayo, nikaona hapa nitapata jicho la kuwaangalia watu wangu. Akaongeza na GPS, ya kuonyesha boti ilipo. Jumla 285,000 pamoja na pampu, nusu mbele, betri na paneli ya sola juu yangu. Aliahidi siku tisa. Zilikuwa siku tisa za fundi, yaani 23.

Boksi ni lile la plastiki la kijivu la kuungia nyaya za umeme wa nyumba, lenye skrubu nne na mpira pembeni. Ndani kuna kibao cha ESP32, ambacho ndicho akili, moduli ya simu ya SIM800L, GPS ndogo ya NEO-6M, relei (swichi inayoamrishwa na umeme mdogo), fyuzi, na kioo kidogo kinachoonyesha volti za betri, joto la mashine na namba moja nitakayoifikia. Nyaya zinatoka kwenda kwenye mabovu mawili, samahani, maboya mawili (baadaye mtaona kwa nini ulimi umeteleza), pampu, honi, na sensa ya joto iliyobanwa kwenye kichwa cha silinda. Honi ni ya bodaboda. Kijana alieleza kwamba honi ya pikipiki ni ya volti 12, imezoea mvua na matope, na ikiharibika kila mtaa wa Dar una duka la spea za pikipiki. Akili hiyo niliipenda palepale.

Maboya, yaani swichi zinazoelea, yako ngamani, ndani chini ya boti, karibu na tezi (nyuma), pale maji yanapokusanyika. La chini huwasha pampu. La juu, sentimita kama kumi zaidi, hupiga honi. Maana yake ni kwamba maji ya kawaida, ya mvua na ya nyavu, pampu inayamaliza kimyakimya. Honi ikilia ujue pampu imeshindwa, au haipo tena.

Wiki ya kwanza honi ililia mpaka majirani wa pwani wakatuita harusi. Kila wimbi la boti iendayo kisiwa cha Bongoyo likipita, maji ya ngamani yanacheza, boya linaruka, honi inalia. Nilipanda tena zile ngazi. Kijana akabadilisha programu: boya likae juu sekunde nane mfululizo ndipo honi ilie. Kazi ya dakika tano, kelele zikaisha. Ingekuwa bora angeifanya toka mwanzo, maana boti haijawahi kusimama kama meza.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Umeme wa pampu aliupitisha moja kwa moja kwenye boya. Yale maboya ya kijiti yana sumaku ndani ya boya na swichi nyembamba ya kioo ndani ya kijiti; boya likipanda, sumaku inaifunga. Swichi hiyo inamudu mkondo mdogo tu, na pampu inakula ampia mbili na zaidi. Baada ya mwezi ikaungua na kugandia. Pampu ikazunguka usiku kucha bila maji, asubuhi betri ilikuwa na volti 10.9 na pampu inanuka. Hapa nimlaumu na nimsifu kwa pamoja. Alilia na mimi, akaweka relei ili boya liamrishe relei na relei ibebe mzigo, akanipa boya jipya bure. Pampu nilinunua nyingine mwenyewe. Ukienda kwa fundi yeyote wa vitu hivi, muulize swali moja tu: "Pampu inapita kwenye boya au kwenye relei?" Akijiuma midomo, shuka ngazi.

Kosa la tatu hakulifanya yeye peke yake, tulilifanya wote kwa kutojua. Mfumo ulikuwa umefungwa hivi: boya likipanda, mzunguko unafungwa, honi inalia. Inaonekana sawa. Lakini nina kawaida ya kupima. Kila Ijumaa asubuhi, kabla watu hawajaenda kuoga kwa ajili ya swala, nahodha humwaga ndoo ngamani mpaka boya la juu lielee. Ijumaa moja ya Oktoba alimwaga ndoo, akamwaga ya pili, kimya. Waya wa boya la juu ulikuwa umesagwa na nyavu, umekatika kabisa. Tangu lini? Kati ya Ijumaa ile na iliyotangulia, labda siku sita tumelala tukijua tuna kengele, na kengele haipo.

Nikamuuliza kijana: waya ukikatika, boksi lenyewe haliwezi kupiga kelele? Akanitazama, akacheka, akalitoa boya kwenye kijiti chake, akaligeuza juu chini, akalirudisha. Kumbe ndivyo yalivyo: ukiligeuza, kazi yake inageuka. Sasa boya likiwa chini mzunguko umefungwa, likipanda unafunguka. Boksi likaambiwa lipige honi kila mzunguko unapofunguka. Waya ukatike, uliwe na kutu, uchomoke, honi inalia vilevile. Toka hapo imelia mara mbili kwa sababu ya waya, na mara zote mbili nilishukuru. Hii sasa anawafungia wateja wote hivyo, na anasema ni ya "yule mama mhasibu".

Chumvi. Kuhusu chumvi ningeweza kuandika usiku kucha.

Kwanza alitaka kunifungia kile kipimo cha maji cha bei rahisi, vijiti viwili vya chuma vilivyo wazi ambavyo maji yakivigusa umeme unapita kati yao. Nafuu ya 15,000. Nilikubali kimoja cha majaribio pembeni ya maboya. Wiki tatu kijiti kimoja kilikuwa kama uzi na kingine kizima. Umeme wa betri ukipita ndani ya maji ya chumvi mfululizo unakila kile cha upande wa chanya, kidogo kidogo, kama sukari kwenye chai. Boya lililofungwa ndani ya plastiki halina chuma kinachogusa maji. Lipa hiyo 15,000.

Nyaya nazo. Alitumia waya wa kawaida wa shaba, ule wa nyumba. Mwezi wa nne tangu boksi lifungwe nikakata kipande nikakuta ndani ni nyeusi, na weusi umepanda chini ya plastiki zaidi ya kiganja kutoka kwenye kiungo, kwa sababu maji hunyonywa ndani ya nyuzi kama mafuta kwenye utambi. Waya wa baharini una nyuzi zilizopakwa bati. Nilizunguka Kariakoo siku nzima, kila muuzaji ananiambia "huu hapa mama, orijino", nakwangua kwa kisu nakuta shaba tupu. Mwishowe tukabaki na wa kawaida, lakini viungo vyote vikapigwa lehemu, vikavishwa ule mpira wenye gundi unaosinyaa kwa moto, vikapakwa gresi. Nyaya zote sasa zinaingia boksi kutoka chini, zikiwa zimening'inia kidogo kama tumbo, ili tone la maji lidondokee pale kwenye tumbo badala ya kufuata waya mpaka ndani. Vibao vya ndani nilivipaka rangi ya kucha ya binti yangu, ile isiyo na rangi, tabaka mbili, nikikwepa soketi na kile kidude cha antena. Msicheke. Baada ya mwaka mzima kibao kile kinang'aa, na kile cha kwanza, ambacho hakikupakwa, kina ukoko wa kijani nimekihifadhi kwenye droo.

Na unyevu haupiti kwenye tundu peke yake. Mchana boksi linachemka juani, usiku linapoa, na hewa ya ndani inatoa jasho. Vile vipakiti vya punje vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, usivitupe. Vitatu ndani ya boksi, badilisha kila baada ya miezi miwili.

Sasa simu. Hiki ndicho kipengele nilichokililia, ndicho kilichopandisha bei, na ndicho kibovu kuliko vyote.

Moduli ile ya SIM800L ni ya mtandao wa 2G, na inataka umeme wa kati ya volti 3.4 na 4.4. Ikiwa kimya haina neno. Inapotuma, inavuta kwa mshtuko mpaka ampia 2. Kijana alikuwa ameilisha kwa kidude kidogo kisichoweza mshtuko huo, kwa hiyo kila ilipojaribu kutuma ilizimika, ikawaka, ikatafuta mtandao, ikajaribu, ikazimika. Yaani ilikuwa inazirai pale hasa inapohitajika. Dawa ilikuwa kibao kikubwa zaidi cha kushusha volti, kikarekebishwa kwenye volti 4, na kapasita nene, kighala kidogo cha umeme, karibu kabisa na moduli. Ikaacha kuzirai.

Halafu tukagundua laini. Laini ya simu imesajiliwa kwa alama zangu za vidole, ina bando la ujumbe, na bando lina mwisho wake. Novemba boksi lilijaribu kunitumia ujumbe siku mbili, salio hakuna. Hapo hakuna wa kumlaumu ila mimi, lakini jiulize: kengele ya moto itakayonyamaza kwa sababu hukuweka vocha, hiyo ni kengele?

Halafu bahari yenyewe. Vijana wakipita nyuma ya Bongoyo, ujumbe unachelewa. Wakienda mbali zaidi kutega jarife, unakuja wakati wanarudi, yote kwa mkupuo, kama barua za enzi ya posta. Nilikuwa napokea saa mbili asubuhi, nikiwa nakunywa chai na vitumbua, habari kwamba saa nane usiku betri ilikuwa chini. Hata ungefika wakati uleule, mimi mwanamke wa miaka 58 niliyelala Mikocheni ningefanya nini saa nane usiku? Ningempigia babu mlinzi. Na babu, kama kuna honi ya kutosha botini, ameshaisikia kabla yangu.

Hapo ndipo lile swali la siku ya kwanza liliponirudia. Nani analala karibu nayo usiku? Kijana alikuwa na jibu tangu mwanzo, ila mteja alitaka simu, akampa simu.

Usiku mmoja wa Julai 2024, msimu wa kusi, walikuwa wanarudi na samaki, bahari imechafuka, nahodha kakaza mashine. Honi ikalia ule mlio wa vipande vifupi, wa joto. Kioo kinasoma 84. Mashine yetu ya zamani haina kengele yake ya joto. Ishara pekee ni ule mchirizi wa maji unaotoka ubavuni, na gizani, na mvua, nani anautazama? Akazima, wakainua mashine, wakakuta kipande cha nailoni kimejibandika kwenye matundu ya kuvutia maji ya kupoza. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, lakini mpaka leo nyavu zetu huleta angalau mmoja kila safari. Wakakibandua, wakasubiri joto lishuke, wakawasha. Kioo kikarudi 58, ambayo ndiyo kawaida yake. Dakika kumi na tano zote, pamoja na sigara ya nahodha. Ujumbe wa tukio hilo niliupata saa tano asubuhi, samaki wameshauzwa soko la Feri. Sensa ile ya joto, aina ya DS18B20 iliyo ndani ya kibomba cha chuma, inauzwa bei ya sahani ya chipsi kuku.

Sasa niieleze ile namba ya kwenye kioo. Ni hesabu ya mara ambazo pampu imewaka tangu saa sita usiku ya jana. Kijana aliiweka kama pambo, kwa sababu kioo kilikuwa na nafasi. Kwangu ndiyo iliyolipa boksi zima.

Watu wengi wakishazama mara moja hununua pampu kubwa ya kujiwasha, wakalala. Nahodha naye alisema hivyo: "Shemeji, pampu inatosha, hayo mengine mapambo." Nikamletea hesabu. Tundu la upana wa sentimita 2.5, likiwa sentimita 30 chini ya maji, huingiza zaidi ya lita 40 kila dakika. Pampu yetu imeandikwa galoni 500 kwa saa, galoni za Kimarekani, ambazo ni kama lita 31 kwa dakika, na hiyo ni juu ya karatasi, kabla haijapandisha maji mpaka ukingoni na kabla betri haijachoka. Tundu la sarafu linaishinda. Na tundu dogo zaidi, ambalo pampu inalimudu, ni baya kwa namna nyingine, kwa sababu pampu inalificha. Inavuta leo, inavuta kesho, hakuna anayejua, mpaka siku kuna mawingu, sola haijachaji, betri inakufa. Nina hakika boti zilizozama zikiwa na pampu nzima kabisa ni nyingi.

Namba ile inalivua nguo tundu. Babu mlinzi hunisomea kila asubuhi boti ikiwa nangani, mimi naandika. Siku kavu, mbili. Siku ya mvua, tano au sita. Februari 2024, kiangazi, hakuna tone la mvua, nikaandika mbili, tatu, tatu, tano, tisa. Siku ya namba tisa nikasema ivutwe juu. Nahodha alinung'unika, maana samaki walikuwepo. Ilipokaa mchangani tukakuta mpasuko kama unywele pembeni ya mkuku, ule uti wa chini ya boti, karibu na tezi, urefu wa kidole. Fundi wa faiba, siku mbili, 90,000. Tangu siku hiyo nahodha haiiti pambo tena. Anaiita "daftari la shemeji".

GPS nisiichelewe. Inatakiwa ikuambie nanga ikiburuta. Kijana aliweka duara la mita 10. Kamba yetu ni ndefu, na bamvua hapa kwetu maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hiyo maji yakipwa kamba inalegea na boti inazunguka mbali na pale ilipokuwa. Ikalia kila maji yalipogeuka. Tukaweka mita 40, ikanyamaza, na hapo tena boti ya jirani iko ndani ya duara. Kuhusu petroli niliyotaka kuipeleleza: njia za GPS zilionyesha wanakwenda palepale wanaposema. Mafuta yalikuwa yanakwenda kwenye mpira uliopasuka. Niliomba radhi, kwa sauti ya chini.

Betri nayo. Mashine ya kuvuta kamba haituchajii kitu, tunategemea paneli ya wati 20. Miezi ya mwanzo asubuhi zenye mawingu zilikuta betri kwenye volti 12.1, na betri ya asidi iliyopumzika ikiwa 12.2 imeshafika nusu. Iliyojaa ni 12.6 kwenda juu. Kumbe kibao cha ESP32 kilikuwa kimeachwa na waifai inawaka muda wote, baharini, inatafuta nani sijui. Ilipozimwa, matumizi yakashuka zaidi ya nusu. Fyuzi iwe kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri. Kijana aliiweka ndani ya boksi, mita mbili mbali, na mita mbili za waya usiolindwa kwenye boti yenye petroli nilizikataa.

Kuna mambo boksi hili halijui kabisa. Halijui upepo. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakuja, kilichotuokoa ni taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa na migongo ya watu kumi na wawili walioivuta boti mpaka chini ya minazi siku moja kabla. Boksi lilikuwa limekaa kimya, volti 12.7, joto 31, pampu sifuri, kama vile hakuna jambo duniani. Na halielei. Jaketi okozi zetu ziko sita, na yeyote anayeniambia amefunga kengele kwa hiyo amepunguza jaketi sitapanda chombo chake.

Kwa bei: 285,000 ya mwanzo, pampu ya pili 65,000, nyaya na viungo 38,000, nauli na soda za kwenda Kariakoo mara saba sikuziandika, na si kawaida yangu. Ukiweza kulehemu na una mtoto wa chuo nyumbani, kiungo kwa kiungo kitu hiki unakijenga kwa chini ya hapo. Ila utakosea makosa yaleyale, na kijana wa watu ameshayakosea kwangu.

Mwezi uliopita shemeji yangu wa kweli, kaka wa marehemu, aliye na mashua Kunduchi, aliniomba nimpeleke. Tulipanda ngazi pamoja. Nikamtajia kijana orodha: maboya mawili yaliyogeuzwa, relei, honi ya bodaboda, sensa ya joto, kioo chenye ile namba. 160,000.

"Na simu, mama?"

"Achana nayo."

"GPS?"

"Hiyo nayo."

Akaandika. Kisha akamgeukia shemeji, akamuuliza nani analala karibu na mashua usiku. Shemeji akanitazama, akidhani anachimbwa.

Jana usiku ilinyesha mvua ya vuli ya kweli, ile ya kugonga mabati. Babu alipiga simu saa kumi na mbili na robo. Sita.

Nimeandika.